Kiganda Angani, Kiswahili Duniani

Sokoni Bugolobi tunasikia Kiganda kila siku, lakini wachache wanajua kwamba lugha hiyo imo pia angani. Mwaka 1977 Marekani ilirusha vyombo viwili vya Voyager, kila kimoja na santuri iliyopakwa dhahabu. Humo mna salamu za lugha 55, Kiganda kikiwemo. Sauti za dunia hutanguliwa na mlio wa kompyuta wa Laurie Spiegel, uliotokana na hesabu za Kepler za mwaka 1619 kuhusu mwendo wa sayari. Kisha huja ngurumo, mvua na vyura. Kiswahili hakimo, ingawa kilikuwa na mamilioni ya wasemaji. Basi wingi hautoshi. Lugha huhifadhiwa na anayeinasa. Wanafunzi wetu na waanze kunasa Kiswahili cha Kampala.