Antiokia: ugomvi wa mezani uliolifungulia Kanisa milango

Saa 10:17 alfajiri ya 6 Februari 2023, tetemeko lenye ukubwa wa 7.8 liliipiga Uturuki kusini. Zaidi ya watu 50,000 walikufa nchini humo, na hakuna mkoa ulioumia kama Hatay. Katika mji wake mkuu, Antakya, Kanisa la Kiorthodoksi la Petro na Paulo lililojengwa karne ya 19 liliporomoka lote. Msikiti mkongwe wa Habib-i Neccar nao ulianguka. Huku kwetu tulisikitika siku chache, kisha tukaendelea na mambo yetu. Wengi hatukutambua kwamba Antakya ndiyo Antiokia tunayoisoma katika Matendo ya Mitume, mji ambao waumini waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza.

Inaniuma, kwa sababu yapo makanisa mengi Afrika Mashariki yaliyojipa jina la Antiokia. Jina tumelichukua, watu wake tumewaacha na kifusi chao.

Mji wenyewe ulianzishwa mwaka 300 KK na Seleuko wa Kwanza, kando ya mto Orontes. Enzi za mitume ulikuwa wa tatu kwa ukubwa katika dola ya Kirumi, baada ya Roma na Aleksandria. Wagiriki, Washami na Wayahudi waliishi humo, kila jamii na ibada zake.

Luka, mwandishi wa Matendo, ambaye mapokeo ya kale yanamtaja kuwa mwenyeji wa huko, anasimulia kwamba Stefano alipopigwa mawe Yerusalemu, waumini walitawanyika. Waliofika Antiokia mwanzoni walihubiri kwa Wayahudi wenzao tu. Kisha wakaja watu wa Kipro na wa Kirene, yaani pwani ya Libya ya leo, wakaanza kuzungumza na Wagiriki. Majina yao hayakuandikwa. Hakuna aliyewatuma wala hawakungoja kibali cha Yerusalemu. Uinjilisti kwa mataifa, katika mji huu mkubwa, ulianzia vinywani mwa wakimbizi hao.

Yerusalemu ikamtuma Barnaba akaone. Akafurahi, akaenda Tarso kumtafuta Sauli, yaani Paulo, wakafundisha pamoja mwaka mzima. Njaa ilipotabiriwa, Wakristo hao wapya walichanga wakapeleka msaada kwa ndugu wa Uyahudi: tawi changa likailisha shina. Miongoni mwa manabii na walimu wao walikuwamo Lukio wa Kirene na Simeoni aliyeitwa Nigeri, neno la Kilatini lenye maana ya mweusi. Waliofunga, wakaomba, wakawawekea mikono Barnaba na Sauli kabla ya safari ya Kipro ndio hao.

Lakini jambo lililonifanya niandike makala hii Luka hakulisimulia. Tunalipata kwa Paulo, katika sura ya pili ya Wagalatia.

Petro alifika Antiokia akala pamoja na waumini wasiotahiriwa. Kwa Myahudi aliyelelewa katika Torati, hilo halikuwa jambo dogo. Nyama imechinjwaje? Divai imemiminwa kwa mungu gani kabla ya kufika mezani? Petro aliyavuka yote hayo, akanyoosha mkono kwenye sahani moja nao. Mkristo wa Kigiriki aliyeketi kando yake alijua siku hiyo kwamba kweli amekuwa ndugu.

Wakaja watu kutoka kwa Yakobo, kiongozi wa Yerusalemu. Petro akaanza kujitenga. Wayahudi wengine wakamfuata, hata Barnaba. Hebu fikiria chumba hicho: wale waliokula pamoja jana, leo wana meza mbili. Paulo hakungoja faragha. Alimkabili Petro mbele ya wote, akamwambia kwamba haenendi sawasawa na Injili, kwa kuwa anawalazimisha mataifa kuishi Kiyahudi huku yeye mwenyewe alikuwa ameishi kama wao.

Jibu la Petro Paulo hakuliandika. Ukimya huo uliwasumbua wasomi kwa karne nyingi. Hieronimo, mfasiri wa Biblia kwa Kilatini, alishikilia kwamba mitume wale walijifanya kugombana ili wafundishe. Augustino, askofu wa Hipo, akampinga kwa barua: mtume hawezi kuandika uongo. Mimi niko na Augustino. Ugomvi ulikuwa wa kweli, na ulistahili kugombewa. Meza zile mbili zingebaki mbili, Kanisa la mataifa lingekuwa la watu wa daraja la pili nyumbani mwao wenyewe. Kutoka Antiokia hiyohiyo suala la tohara lilipelekwa Yerusalemu, takribani mwaka 49, na mataifa wakaachiwa wasitahiriwe.

Yaliyofuata ni marefu. Ignasio, askofu wa mji huo, alipelekwa Roma kuuawa mwanzoni mwa karne ya pili. Katika barua zake ndimo tunamokutana kwa mara ya kwanza na maneno Kanisa Katoliki. Tetemeko la mwaka 526 liliuangusha mji. Baibars, sultani wa Misri, aliuteka mwaka 1268, na katika karne ya 14 kiti cha patriaki wa Kiorthodoksi kilihamia Dameski. Hatay iliingia Uturuki mwaka 1939.

Mlimani juu ya mji lipo pango linaloitwa Kanisa la Mtakatifu Petro, lenye kina cha mita 13 na kimo cha mita 7. Lilibaki limesimama siku ile ya tetemeko. Chini yake, Wakristo wachache walionusurika walizika ndugu zao.

Sikukuu ya Petro na Paulo ni 29 Juni. Mchungaji, padri, katekista utakayeongoza ibada siku hiyo: soma Wagalatia sura ya pili, na katika sala ya waumini utaje Antakya kwa jina.