Lalamiko Lisilovuka Bahari: Gari la Kijapani katika Njombe na Makambako

Wahenga walisema kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakuwa na gari walipoyasema hayo, lakini historia ya usalama wa magari katika miaka 60 iliyopita yaweza kusomwa yote ndani ya methali hii. Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi lalamiko la mwenye gari lilivyopata nguvu ya sheria katika nchi zinazounda magari, na kwa nini lalamiko la mwenye gari wa Njombe au Makambako lingali likiishia kwa fundi.

Mwaka 1965 mwanasheria wa Kimarekani, Ralph Nader, alitoa kitabu kiitwacho Unsafe at Any Speed, ambamo aliwashutumu waunda magari kwa kupuuza usalama wa watumiaji. Mwaka uliofuata Marekani ikatunga sheria ya usalama wa magari, na mwaka 1969 Japani nayo ikaweka utaratibu wake. Siku hizi, kasoro ya hatari ikithibitika, kiwanda hutoa mwito ili magari yarudishwe na kutengenezwa bila malipo. Hata hivyo, sheria haikuwaondolea watu tamaa ya kuficha. Mwaka 2000 kampuni ya Mitsubishi Motors ilikiri kwamba kwa zaidi ya miaka 20 ilikuwa ikiyaficha malalamiko ya wateja, serikali isiyaone. Twajifunza hapa kwamba lalamiko lisilofika kwa mwenye mamlaka ni kama halikusemwa.

Sasa tuje kwetu. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, hupita Makambako. Na hapo ndipo barabara ya kwenda Njombe na Songea inapochepuka kutoka njia kuu iendayo Mbeya na Zambia. Katika miaka ile gari la mtu binafsi lilikuwa jambo la nadra. Mwaka 1984 serikali iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na katika enzi ya Rais Ali Hassan Mwinyi, iliyoanza mwaka 1985, mlango ulizidi kufunguliwa. Magari yaliyokwisha kutumika Japani, ambayo usukani wake uko kulia kama yetu, yakawa ndiyo gari la mwalimu, la mfanyabiashara wa mbao na la mkulima wa viazi.

Tuchukue mfano wa Toyota Corolla ya kizazi kilichoanza kuuzwa mwaka 2000. Malalamiko ya gari kuukuu katika nyanda hizi si mageni. Asubuhi za Juni na Julai, sakitu inapotanda mashambani, betri iliyochoka hushindwa kuiwasha injini. Mashimo hula bushi na shokapu, na miteremko humaliza breki. Kasoro hizi zina sauti: hugonga, hulia, hunguruma, fundi huzisikia akazitibu. Lakini iko kasoro isiyo na sauti.

Mwezi Aprili 2013 Toyota ilitoa mwito wa kurudisha magari zaidi ya 1,700,000 duniani, na Corolla za miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwamo. Sababu ilikuwa mfuko wa hewa, ambao mafundi huuita eabegi, ulioundwa na kampuni ya Takata. Mfuko huo hujazwa na kemikali inayolipuka ndani ya kikopo cha chuma. Takata walitumia naitreti ya amonia, kemikali ambayo pia hutiwa katika mbolea. Ikikaa miaka mingi katika unyevu, na katika joto linalopanda na kushuka, huharibika. Siku ya ajali huweza kulipuka kwa nguvu kupita kiasi, kikopo kikapasuka, na vipande vya chuma vikamrukia yule aliyekusudiwa kuokolewa. Watu zaidi ya 20 walikufa hivyo katika nchi mbalimbali. Vikopo vilivyoitwa virudishwe vilifika yapata milioni 100, na mwezi Juni 2017 Takata ikafilisika.

Je, mwito ule ulimfikiaje mtu wa Njombe? Barua ya kiwanda hupelekwa kwa mwenye gari aliyeandikwa katika daftari la Japani. Gari likiisha kuuzwa na kuvuka bahari, barua hubaki nyuma. Wala baridi ya Njombe si kinga. Gari lililokaa miaka mingi katika joto na unyevu wa Dar es Salaam kabla ya kuuzwa bara hupanda mlima na uharibifu wake. Nyuzilandi nayo hununua kwa wingi magari yaliyotumika Japani. Mwaka 2018 serikali yake iliamuru mifuko ya Takata ya aina ya hatari zaidi ibadilishwe kwa lazima, hata katika magari yaliyoingia yakiwa yametumika. Basi umbali na Japani si udhuru.

Kila gari lina namba ya chasisi, na kwa namba hiyo kiwanda kinaweza kujua kama gari limeitwa na kama limekwisha kutengenezwa. Mnunuzi wa Makambako hukagua rangi, matairi na mlio wa injini. Yampasa aiulizie na namba hiyo, kabla fedha hazijatoka mkononi. Wala asimruhusu fundi asiye na mafunzo kuufungua mfuko wa hewa, kwani ndani yake mna baruti. Lakini haifai mzigo wote awekewe mnunuzi. Kama historia hii ina funzo, ni kwamba usalama ulianza pale malalamiko yalipoandikwa na kukusanywa mahali pamoja, mwenye mamlaka akalazimika kuyasoma. Kwetu malalamiko yapo tele. Daftari ndilo linalosubiriwa.