Mtoto Ajue Nani Alijenga Shule Yake

Muulize mtoto wa gredi ya tano kuhusu mashujaa wetu. Atakuimbia Kapenguria Sita bila kupumua: Kenyatta, Kaggia, Kubai, Ngei, Karumba, Oneko. Sawa kabisa. Sasa muulize watu wa kawaida walifanya nini. Kimya.

Hapo ndipo mimi naona shida. Tunawafunza watoto kwamba historia ni ya watu sita waliofungwa, halafu tunashangaa wakikua wakingoja mkubwa fulani aje kuwaokoa.

Mimi ningeanza na Githunguri. Mwaka 1929, wamishonari kadhaa katika nchi ya Wagĩkũyũ waliwataka walimu na waumini waape kukataa tohara ya wasichana. Wazazi wengi waligoma, wakatoa watoto shule za misheni. Tuseme ukweli, tohara hiyo leo ni hatia kisheria na iendelee kuwa hatia. Sitaki mtoto afichwe hiyo sehemu. Nataka pia aone kilichofuata: wazazi hawakukaa nyumbani kulalamika. Walianzisha shule zao wenyewe, wakalipa walimu wao wenyewe. Shule zikawa nyingi, walimu wakakosekana. Basi 1939 wakafungua chuo cha walimu Githunguri, chini ya Mbiyu Koinange aliyekuwa ametoka kusoma Marekani. Watu wa rika moja walichanga pamoja, na kina mama wakachangia bweni la wasichana.

Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 20, 1952, chuo kilifungwa. Hapo hapo Githunguri, serikali ya mkoloni ikaweka mti wa kunyongea watu. Hebu fikiria: mahali ulipochangia mtoto wako asome ndipo jirani yako anapelekwa kunyongwa.

Lakini ile tabia ya kuchanga haikufa. Baada ya uhuru, wananchi kote nchini walijenga shule za sekondari za harambee, na miaka ya 1970 zikazidi za serikali kwa idadi.

Kwangu mimi, huo ndio ustahimilivu. Si kuvumilia tu. Mtu anaweza kuvumilia peke yake, amekaa kitandani. Ustahimilivu wa jamii ni daftari la michango, ni mkutano chini ya mti, ni mtu kuulizwa mbona hajaleta chake.

Na wanasiasa wasije wakajificha hapo. Wazee walijenga kwa sababu serikali iliwanyima. Leo tunalipa kodi, kwa hivyo darasa lenye paa ni haki ya mtoto.

Kwa walimu wa shule za msingi, nina ombi dogo. Badala ya kukaririsha majina, wapeni watoto kazi ya wiki moja: nani alitoa shamba la shule hii? Nani alibeba mawe? Wamuulize shosho, wamuulize guka, waandike majina, wayabandike ukutani.

Wengine watakuta jina la nyumbani kwao pale.