Ngoma Tatu za Kuka

Ukimwambia mtu wa Nairobi kwamba kwenu ni Lubao, kama anaijua, atakuuliza bei ya mbwa. Si kosa lake. Soko letu, pale kando ya barabara ya Kakamega kwenda Webuye, linajulikana kwa kuuza mbwa jinsi masoko mengine yanavyouza kuku: wamefungwa kamba, wanabwekeana, na mwenyewe anakusifia meno yao. Ukimuuliza mwalimu wa historia kuhusu Kakamega, atakwambia dhahabu. Wazungu walimiminika 1931, ukafunguliwa mgodi wa Rosterman, basi, funga kitabu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo sina digrii ya kumkosoa mwalimu. Ila nilikuwa na babu.

Sisi tulimwita Kuka. Alikuwa Muisukha na mpiga isukuti. Kama hujawahi kuisikia, isukuti ni jina la ngoma na pia la densi yenyewe. Ngoma ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na zinasindikizwa na pembe ya swala na njuga za chuma. Mmoja anaongoza wimbo, wengine wanaitikia, wanaume safu yao na wanawake yao, mabega yanatetemeka mpaka unashangaa kama yameshikiliwa na mifupa. Mtoto akizaliwa, inapigwa. Vijana wakitoka jandoni, inapigwa. Harusini, matangani, mafahali wakipigana Khayega asubuhi kabla umande haujakauka, ipo. Wanasiasa nao waliigundua kitambo, ingawa Kuka alisema malipo yao ni soda na ahadi, na soda yenyewe ni moto.

Kwake ile kubwa ilikuwa baba, ya kati mama, ndogo mtoto. "Mtoto ndiye anaongea sana," alisema, "lakini sikiliza vizuri, anarudia tu ya wazazi." Jioni baada ya chakula alishika kubwa, baba mdogo akapewa ya kati, na ndogo ikazunguka kwetu sisi wajukuu kwa zamu. Kukhu, yaani nyanya, hakugusa ngoma, maana kimila ni kazi ya wanaume. Alikaa mlangoni akichambua mboga. Lakini ukikosea mdundo, sauti iliyokuambia rudia ilitoka mlangoni.

Usidhani alikuwa mzee wa mila peke yake. Redio yake haikuzimwa. Alimpenda George Mukabi, yule mpiga gita la omutibo aliyefariki 1963, mwaka uleule wa uhuru. Gita moja, chupa ya soda inayogongwa, na Kiswahili cha kawaida kabisa. Kuka alisema ukiyasikiliza yale magita ya zamani kwa makini, utasikia isukuti chini yake. Sijui kama mtaalamu wa muziki angekubali. Mimi huisikia.

Na kulikuwa na msitu. Serikali ya kikoloni iliutangaza msitu wa Kakamega kuwa msitu uliotengwa 1933, kabla Kuka hajazaliwa, na 1985 sehemu ya kaskazini, upande wa Buyangu, ikawa hifadhi ya taifa. Wanasayansi huuita kipande cha mwisho nchini Kenya cha ule msitu mkubwa wa mvua unaoanzia Kongo. Kuka aliuita tu nje. "Naenda nje," anasema, kisha haonekani hadi saa kumi. Akinichukua, tulitembea kimya. Alinionyesha mbega wakiruka na mikia yao myeupe, na yule ndege mkubwa wa buluu mwenye mdomo wa manjano na ncha nyekundu. Tukirudi, mfukoni ana kipande cha mukombero cha kutafuna.

Sasa hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu. Ngoma ya isukuti inachongwa kwenye gogo, na Kuka alipenda mti wa mukumari. Ngozi yake, kwa desturi, ni ya burukenge. Gogo lilitoka msituni na burukenge mtoni. Leo ukikata mti ndani ya hifadhi unashikwa, na ukiua burukenge una kesi na KWS. Kuka hakulalamika kuhusu sheria, kwa sababu alijua ungebaki msitu gani bila walinzi. Lakini pia alijua ngozi ya ng'ombe inalia tofauti. Aliyapenda yote mawili, na mwishoni moja lilikuwa linamnyima lingine.

Novemba 2014, kwenye mkutano uliofanyika Paris, UNESCO iliingiza isukuti katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Sababu zilizotajwa ni zilezile za kwetu: wapigaji wengi wamezeeka, hawana warithi, na vifaa ni haba. Nilimsomea habari hiyo kwenye simu, nikimtafsiria polepole. Alisikiliza hadi mwisho akauliza, "Wamesema watalipia ngozi?"

Alifariki Mei 2020. Mnakumbuka miezi ile. Nairobi ilifungwa kuanzia 6 Aprili, hakuna kutoka wala kuingia, na mazishi yaliruhusiwa watu 15, wa familia ya karibu tu. Mtu aliyewapigia ngoma marehemu wa nusu ya lokesheni alizikwa asubuhi na mapema, barakoa usoni, bila mdundo hata mmoja. Mimi nilikuwa Kayole nimeshika simu, netiweki inakatika. Nilichosikia vizuri ni majembe.

Kwetu mazishi kama hayo ni deni. Desemba 2021, kafyu ikiwa imeshaondolewa, tulikutana nyumbani kulilipa. Baba mdogo alizitoa ngoma. Kubwa ilikuwa imeliwa na panya, ngozi imening'inia kama sikio. Binamu mmoja akapendekeza DJ. Tukabishana. Mwishowe tukapiga mbili zilizobaki, na ilikuwa aibu, manze. Mtoto aliongea bila baba. Tulianza ya harusi tukadhani ni ya msiba.

Kukhu alikuwa palepale mlangoni. Akaita jina la baba mdogo, akamwambia anyamaze, kisha akaupiga ule mdundo kwa mdomo, wote, sehemu zote tatu, mkono ukigonga paja. Miaka zaidi ya 50 mlangoni pale, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Tangu siku ile kila nikienda Lubao namrekodi kwa simu. Anajua wa kuzaliwa mapacha, wa kumtoa bibi harusi, wa mzee na wa kijana, maana msiba wa mzee na wa kijana si mdundo mmoja. Nimefikisha 11. Wa mafahali bado. Anasema huo haupigwi ndani ya nyumba, ningoje mvua iache, twende nje.