Gharama ya Kuvuka Bahari: Tangu Nauli ya Jahazi hadi Ada ya Viza

Katika vitabu vya kumbukumbu kama hiki, wengi huandika juu ya safari ya wazee wetu: bandari walizotoka, pepo zilizowaleta, na maduka waliyofungua. Mimi ni mtu wa duka, nami naomba ruhusa ya waumini na majirani niulize swali la kiduka. Nani alilipa, alilipa lini, na deni lilimalizwaje? Nauliza kwa sababu leo vijana wetu, wauguzi, wahasibu na mafundi wa mitambo, wanavuka tena, na hesabu yao imegeuka kabisa.

Wenye ujuzi walioletwa kwa wingi zaidi walikuja na Reli ya Uganda. Kati ya 1896 na 1901 waliajiriwa kutoka India watu 31,983, vibarua pamoja na waashi, maseremala na wahunzi. Mkataba wao ulikuwa wa miaka mitatu, na nauli ya kuja na ya kurudi ilikuwa juu ya mwajiri. Kibarua wa kawaida alilipwa rupia 15 kwa mwezi pamoja na posho ya chakula; fundi alipata zaidi. Hao hawakutoa hata pesa moja kuomba ruhusa. Walilipa kwa njia nyingine: 2,493 walifariki, na zaidi ya 6,000 walirudishwa kwao wakiwa wagonjwa au vilema. Waliobaki Afrika Mashariki walikuwa 6,724 tu, na wengi wao walikuwa watu wa Punjab, si wa Gujarat.

Wagujarati walikuja kwa mlango mwingine. Mfanyabiashara aliyekwisha kusimama, kama Allidina Visram mzaliwa wa Kutch, aliyekuwa na maduka kando ya njia za misafara, aliwaita vijana kutoka kwao. Tajiri au mjomba alitoa nauli. Kijana akafika, akalala nyuma ya duka, akapima chumvi na kukunja khanga mpaka deni likaisha. Ndivyo alivyokuja babu yangu. Nauli yake iliandikwa katika daftari la mjomba wake upande wa udhar, nayo ilikatwa kidogo kidogo kwa muda wa zaidi ya miaka miwili. Baadaye akapelekwa kununua pamba Usukumani, hata familia yetu ikafika Zagayu. Sisemi utaratibu ule ulikuwa wa huruma. Mjomba alikuwa mkali, na mshahara haukuonekana. Lakini tazameni jinsi hatari ilivyogawanywa: mwenye mtaji alitangulia kutoa, na maskini alilipa baada ya kupata kazi.

Malango yakaanza kufungwa wakati wa uhuru. Sheria ya Uingereza ya 1962 iliwataka raia wengi wa Jumuiya ya Madola wawe na vocha ya kazi, iliyotolewa kwa mwenye ajira au ujuzi unaotakiwa. Mwaka 1968 Bunge lao lilipitisha kwa siku tatu tu sheria iliyowazuia hata Waasia wa Afrika Mashariki wenye pasipoti za Uingereza, na vocha maalumu zikawekwa 1,500 kwa mwaka kwa wakuu wa familia. Kwa upande wake Kanada, tangu Oktoba 1967, ilianza kumpima mwombaji kwa alama: elimu, kazi, umri na lugha. Hapa kwetu nyumba zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zilitaifishwa mwaka 1971, na familia nyingi zikafungasha. Mwaka uliofuata Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90. Familia iliruhusiwa kutoka na pauni 50 hivi. Maofisa wa Kanada waliofungua ofisi Kampala waliwasafirisha watu 4,420 kwa ndege za kukodi kabla ya tarehe 8 Novemba 1972. Wengi wao walikuwa na ujuzi na hawakuwa na fedha. Kama wangedaiwa kwanza ada za leo, naamini wengi wangebaki uwanjani.

Maana ada za leo zina historia yao. Mwaka 1995 Kanada iliweka ada ya dola 975 kwa kila mtu mzima anayepewa haki ya kuhamia. Mwaka 2006 ikapunguzwa hadi 490, kisha ikapanda tena. Kwa viwango vya Aprili 2024, mfanyakazi mwenye ujuzi alilipa dola za Kanada 950 za kushughulikia maombi na 575 za haki ya ukaazi. Mke au mume alilipa vivyo hivyo, na kila mtoto 260. Baba, mama na watoto wawili walifikia 3,570. Alama za vidole huongeza 170. Hapo hujagusa mtihani wa Kiingereza, uhakiki wa vyeti vya shule, daktari, cheti cha polisi, wala nauli ya kuwafuata watu hao Dar es Salaam.

Uingereza ni nzito zaidi. Tozo ya afya iliyoanza 2015 kwa pauni 200 kwa mwaka ilifika 1,035 mwezi Februari 2024, na hulipwa yote kwa mkupuo kabla ya viza. Kwa miaka mitano, familia ile ile ya watu wanne, watoto wakihesabiwa kwa 776, hutoa pauni 18,110, mbali na ada ya viza yenyewe. Wauguzi na wengine wanaoingia kwa viza ya kazi za afya wamesamehewa tozo hiyo. Mzazi wa muuguzi alijue hilo kabla hajaenda mnadani na ng'ombe.

Baba yangu alinifundisha kwamba fedha zinazotoka hazifanani. Zile 950 za Kanada zikishaanza kufanyiwa kazi hazirudi hata ukikataliwa. Zile 575 hurudishwa, na unaweza kungoja kuzilipa mpaka uombwe. Tozo ya afya ya Uingereza nayo hurudishwa viza ikikataliwa. Tena ipo fedha ya kuonyesha tu: kwa mwaka 2024 familia ya watu wanne isiyo na ajira Kanada ilitakiwa kuwa na dola 27,297 benki. Hiyo si ada, ni chakula na kodi ya nyumba ya miezi ya kwanza, na haikubaliwi ikiwa ya kukopa. Nimeona watu wakiichanganya na ada, wakakata tamaa bure. Na wengine wakaisahau, wakalipa ada zote kisha wakakwama. Mimi ningehesabu ile isiyorudi kama mtaji uliokwisha kuzama, na nisingeuza shamba kwa ajili yake.

Majirani zetu wa Zagayu hulipwa kwa msimu. Pamba hununuliwa kuanzia Mei au Juni, na shilingi inapatikana hapo, ilhali ada zinadaiwa kwa dola au pauni kwa bei ya siku ya kulipa. Basi utaratibu una uzito wake. Uhakiki wa vyeti kwa Kanada hudumu miaka mitano, kwa hiyo unaweza kulipiwa na pamba ya mwaka huu. Matokeo ya mtihani wa lugha hudumu miaka miwili, nayo yafuate msimu wa pili. Uchunguzi wa daktari hudumu miezi 12 tu. Anayeukimbilia mapema huishia kuulipia mara mbili.