Eldoret Kaskazini: Jina lililotoweka kwenye karatasi ya kura

Mkazi wa Huruma na mwenzake wa Langas huja mjini kununua mboga soko moja, lakini siku ya uchaguzi kila mmoja hupewa karatasi ya kijani, ile ya mbunge, yenye majina tofauti. Wa Huruma humchagua mbunge wa Turbo, wa Langas wa Kapseret. Anayeishi Kapsoya ni wa Ainabkoi. Mji wenyewe wa Eldoret, Sisibo ya wazee, ulioanzia Shamba Nambari 64 hadi ukatawazwa jiji Agosti 2024, hauna eneobunge hata moja lenye jina lake.

Zamani yalikuwepo matatu: Eldoret Kaskazini, Kusini na Mashariki. Katiba ya 2010 ilipoongeza viti vya wabunge wa maeneobunge kutoka 210 hadi 290, tume ya uchaguzi na mipaka iliyapasua yote mwaka wa 2012. Kaskazini ikazaa Turbo na Soy. Mashariki, Moiben na Ainabkoi. Kusini, Kesses na Kapseret. Sina ugomvi na hesabu hiyo. Watu walikuwa wameongezeka, na Katiba inataka idadi ya wakazi wa kila eneobunge ikaribiane na ya mengine. Ninalolilia ni kumbukumbu iliyokuwa imeshikwa na jina.

Vijana wengi wakisikia Eldoret Kaskazini humkumbuka William Ruto, aliyembwaga Reuben Chesire mwaka wa 1997 akiwa na miaka 31, akakikalia kiti hicho hadi alipokuwa Naibu Rais mwaka wa 2013. Ni kweli, hapo ndipo safari yake ya Ikulu ilipoanzia. Lakini kiti hicho kilikuwa na historia nzito kabla yake.

Mwaka wa 1974 wapiga kura wa huku walimchagua Chelagat Mutai, binti wa miaka ishirini na kitu, aliyekuwa ametoka juzi tu Chuo Kikuu cha Nairobi alikokuwa kiongozi wa wanafunzi. Fikiria enzi zenyewe: chama ni KANU pekee, wabunge wanawake wa kuhesabu kwa vidole, na suala la ardhi halitajwi hadharani bila mtu kutazama nyuma yake. Yeye alilitaja. Mwaka wa 1976 alifungwa miaka miwili na nusu kwa kosa la uchochezi, katika kesi iliyotokana na mzozo wa shamba la mkonge la Ziwa.

Alipotoka, watu wake hawakuwa wamemsahau. Mwaka wa 1979 walimrudisha Bungeni, akaungana na kundi dogo la wabunge wakaidi ambao Charles Njonjo, kigogo wa serikali enzi hizo, aliwabandika jina la akina dada saba wenye ndevu. Mwanamke alikuwa yeye peke yake. Mwaka wa 1981, akiandamwa na mashtaka ya kudai marupurupu ya usafiri kwa njia isiyo halali, alikimbilia Tanzania. Kila nikiisoma habari hiyo huwawazia wale waliopiga foleni mara mbili kumchagua, wakabaki bila sauti yake.

Chelagat alifariki Julai 2013, miezi minne baada ya uchaguzi wa kwanza ambao Eldoret Kaskazini haikuwemo. Ziwa iliyompeleka gerezani sasa ni wadi ya Soy.