Mtoto Aliyenyamaza Darasani

Laare ni mji mdogo ulio katika milima ya Nyambene, katika nchi ya Waigembe wa Meru, si mbali na Maua. Watu wengi wamelisikia jina lake kwa ajili ya miraa, nawe msomaji pengine huna habari nyingine yake. Hapa nataka kukueleza jambo lisilouzwa sokoni, yaani jinsi watoto wa mahali kama Laare walivyofundishwa kusoma katika muda wa miaka mia moja na zaidi, na jinsi wengi wao walivyohesabiwa kuwa wazito wa akili, hali hawakuwa na ila yoyote isipokuwa kuulizwa maswali kwa lugha wasiyoijua.

Mtoto wa Kiigembe hujifunza kunena kama watoto wote wa dunia. Katika miezi ya kwanza hutoa sauti zisizo na maana. Akikaribia kutimiza mwaka hutamka neno la kwanza. Akifika miaka miwili huunganisha maneno mawili. Na kabla ya kwenda shule amekwisha kujua sarufi ya mamaye pasipo kufundishwa na mtu. Hapo zamani hadithi na vitendawili vya jioni vilimzoeza kuyapanga maneno na kuyakumbuka. Wameru waliuthamini sana usemi, na mzee wa baraza la Njuri Ncheke alitakiwa ajue kuamua maneno mbele ya watu. Basi mtoto aliyechelewa kusema hakufichika, kwa kuwa kila aliyemsikiliza alimpima kwa lugha moja, ile ile ya nyumbani. Kipimo hicho hakikuandikwa popote, lakini kilikuwa cha haki.

Mapadre wa Consolata walifika Meru mwaka 1911, nao Wamethodisti mwaka 1912. Walipoanza kufundisha kusoma waliona kwamba Kimeru kina irabu saba, na herufi za Kirumi zina tano tu. Ndipo zikaongezwa alama juu ya i na u, zikawa ĩ na ũ. Tena Kimeru si sauti moja. Kuna Waigembe, Watigania, Waimenti, Watharaka na wengineo, na vitabu vilielekea zaidi usemi wa Imenti. Biblia nzima ya Kimeru ilipotoka mwaka 1964, mtoto wa Laare aliifungua akakuta ndani yake maneno ambayo mama yake hakuyasema hivyo. Wenye kutunga mipango ya elimu hulisahau jambo hili mara nyingi. Hudhani kwamba wakisema “lugha ya nyumbani” wamekwisha maliza kazi.

Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika ya Mashariki, ikashauri watoto wadogo wafundishwe kwa lugha zao katika madarasa ya chini. Kwa miaka mingi shule nyingi zilifuata njia hiyo, na Kiingereza kilikuja baadaye. Lakini kilipokuja kilikuja na ukali. Katika shule nyingi za Kenya mtoto aliyesikika akisema lugha ya kwao alivikwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amsikie mwenzake akikosa vile vile, ampe yeye. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong’o ameusimulia mchezo huo mbaya katika kitabu alichokitoa mwaka 1986. Fikiri, msomaji, mtoto huyo alijifunza nini. Alijifunza kwamba anyamazaye hapati kibao.

Mwaka 1957 kilifunguliwa Nairobi kituo maalumu cha kutengeneza mafundisho ya Kiingereza tangu darasa la kwanza. Kwanza yalikuwa kwa watoto wa Kihindi, kisha yakaenea katika shule za Waafrika. Baada ya uhuru Tume ya Ominde, mwaka 1964, iliyakubali, ila ikaacha kipindi kimoja kila siku cha kusimulia hadithi kwa lugha ya nyumbani. Kipindi kimoja! Lakini tusiwe wepesi wa kulaumu. Wazazi wenyewe walikitaka Kiingereza, kwa sababu mtihani ulikuwa kwa Kiingereza, na kazi ya mshahara ilifuata mtihani. Mwaka 1976 Tume ya Gachathi iliirudisha lugha ya mahali katika madarasa matatu ya kwanza, na vikatolewa vitabu vya “Tujifunze Kusoma Kikwetu” kwa lugha mbalimbali za Kenya. Katika karatasi shauri hilo limedumu. Darasani limeshikwa na mwalimu huyu na kuachwa na yule.

Sasa twafika penye fundo. Wako watoto wenye matatizo ya kweli ya usemi na kusoma. Mwaka 1896 daktari mmoja Mwingereza, Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka kumi na minne, mwepesi wa hesabu, ambaye hakuweza kusoma ijapokuwa alifundishwa kwa bidii kwa lugha ya nyumbani kwao. Wako wenye kigugumizi, na wako viziwi ambao zamani waliitwa mabubu, ingawa koo zao ni nzima. Shule za viziwi za Mumias na Nyangoma zilianza mwaka 1961, na Meru ina shule ya viziwi pale Kaaga. Mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark, serikali ilianza vituo vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu, na katiba ya mwaka 2010 ikaitaja Lugha ya Ishara ya Kenya miongoni mwa lugha zipasazo kuendelezwa.

Lakini mpimaji atamjuaje mwenye tatizo? Watoto wengi wa nyanda za juu huchanganya l na r wasemapo Kiswahili. Huo si ugonjwa wa ulimi. Ni desturi ya lugha ya kwanza kuingia katika ya pili, kama vile Mwingereza ashindwavyo kutamka ng’ mwanzoni mwa neno. Mtoto anyamazaye mbele ya kitabu cha Kiingereza huenda ni kiziwi, huenda ana tatizo kama la yule kijana wa Morgan, au huenda ni mzima kabisa na hajaelewa alichoulizwa. Kwa nje wote watatu wanafanana. Makosa ya kuwachanganya hulipwa na mtoto: yule mzima hurudishwa darasa mpaka achoke na kwenda kuchuma miraa, na yule kiziwi hukaa nyuma ya darasa miaka mitatu, akipigwa kwa ukaidi.

Mpimaji mwenye busara humwita mtoto kando, akamtaka asimulie kisa kwa Kiigembe kwanza, na hiyo ya Laare, si ya vitabuni. Kisha kwa Kiswahili. Mwenye tatizo la kweli la usemi, tatizo lake litaonekana katika lugha zote mbili. Asiye nalo atasita katika Kiswahili, lakini katika Kiigembe atasimulia habari za fisi mpaka kengele ilie.